TUJIFUNZE NENO "PILFER": BANDU BANDU HUISHA GOGO



Vikundi vyetu hapa Kegonga, Ntimaru na hadi Kehancha huongea lugha moja na kuandika nyingine. Kikao huendeshwa kwa Kiswahili au Kikuria, lakini barua ya kwenda kwa mfadhili, fomu za benki na karatasi za kortini mara nyingi ni za Kiingereza. Hapo ndipo karani hukwama. Mahindi yamepungua ghalani, wanachama wamesema yao kwa kirefu, halafu karani anaandika: "Our store was robbed." Mfadhili akisoma anashtuka. Anafikiri watu walikuja na mapanga, mlinzi akaumizwa. Kumbe ni gorogoro mbili tatu zilizokuwa zikitoka polepole na hakuna aliyeona.

Somo letu leo ni la neno moja tu la Kiingereza, "pilfer". Tutajifunza maana yake, jinsi ya kulitamka na jinsi ya kuliweka katika sentensi za kila siku. Lakini tusiishie hapo. Tutaona pia kwamba kulipa kosa jina la ukubwa wake ni jambo la haki. Kosa dogo likipewa jina kubwa, mtu anaweza kupoteza maisha. Kosa kubwa likipewa jina dogo, kikundi kizima kinaweza kufa.

1. MAANA YA NENO

"Pilfer" hutamkwa PIL-fa, na uzito uko mwanzoni. Maana yake ni kuiba kitu kidogo au cha thamani ndogo, na mara nyingi kukiiba kwa siri, kidogo kidogo. Kwa Kiswahili tuna neno zuri kabisa la jambo hili: kudokoa. Mtoto anayefunua sufuria kabla chakula hakijapakuliwa, akachomoa kipande cha nyama na kufunika tena, huyo amedokoa. Mwenye tabia hiyo ni mdokozi, na tabia yenyewe ni udokozi.

Ukitaka kujua kama neno hili linafaa, tafuta dalili tatu:

(a) Kilichochukuliwa ni kidogo. Kikombe cha sukari, misumari michache, chaki, mayai mawili.

(b) Kimechukuliwa kwa siri, bila nguvu na bila vitisho. Hakuna aliyepigwa wala mlango uliovunjwa.

(c) Mara nyingi jambo lenyewe hurudiwa. Wazee walisema, mchovya asali hachovyi mara moja.

Waingereza walilipata neno hili kutoka Kifaransa cha kale, na huko asili yake ilikuwa kupora na kuchukua nyara. Baada ya miaka mingi likapungua nguvu, sasa ni la vitu vidogo. Basi usidanganyike na udogo wake. Mzizi wake ni ule ule wa uporaji.

2. SURA ZA NENO

Kitendo hiki hakina shida katika nyakati zake. Fuata mtindo wa kawaida:

I pilfer: mimi hudokoa.
He pilfers, she pilfers: yeye hudokoa. Usisahau "s" mwishoni.
They pilfered: walidokoa.
She has pilfered: amedokoa.
He is pilfering: anadokoa.

Angalia maandishi. Ni "pilfered" na "pilfering", yenye "r" moja tu. Wengi huweka mbili kwa sababu wamezoea "referred".

Majina ni mawili. Mdokozi ni "pilferer" (PIL-fa-ra). Udokozi ni "pilferage" (PIL-fa-rij) au "pilfering". Katika ripoti ya duka au ya ghala, neno utakalokuta mara nyingi zaidi ni "pilferage".

3. JINSI YA KULITUMIA

Kanuni ni fupi. Baada ya "pilfer" weka kitu kilichochukuliwa, kisha "from", kisha mahali au mtu aliyechukuliwa kitu chake. Hebu tusome pamoja kwa sauti:

"Someone is pilfering maize from our store."
Kuna mtu anayedokoa mahindi ghalani mwetu.

"The boy pilfered sugar from the kitchen."
Kijana alidokoa sukari jikoni.

"She has been pilfering coins from the collection basket."
Amekuwa akidokoa sarafu kutoka kikapu cha sadaka.

"Chalk is often pilfered from the classroom."
Chaki hudokolewa mara kwa mara darasani.

"We lost nails and paint through pilferage at the building site."
Tulipoteza misumari na rangi kwa udokozi mahali pa ujenzi.

"The pilfering stopped when two people began to keep the keys."
Udokozi ulikoma watu wawili walipoanza kushika funguo.

Sentensi ya nne ina faida kubwa kwa karani. Inasema kitu kimedokolewa bila kumtaja mtu. Kama hujui nani alichukua, tumia sura hii. Usiandike jina la mtu kwa sababu tu watu wananong'ona.

4. KOSA TUNALOLISIKIA KILA SIKU

Kabla hatujaendelea, tusahihishe sentensi moja inayosikika sana hapa Kenya: "They have stolen me," au "I was stolen my phone." Mtu amepoteza simu, anaenda kueleza, anasema ati yeye mwenyewe ameibwa!

Kosa hili halitoki kwa ujinga. Linatoka kwa Kiswahili chetu. Sisi tunasema "wameniibia simu", na "ni" ile inaonyesha mimi niliyepata hasara. Tunapohamia Kiingereza tunaibeba pamoja nasi. Lakini hata kwa Kiswahili kuna tofauti kati ya "wamemwibia mtoto" na "wamemwiba mtoto". Ya kwanza ni kwamba mtoto amepoteza kitu. Ya pili ni kwamba mtoto mwenyewe hayupo, amechukuliwa. "They have stolen me" ni kama kusema "wameniiba". Atakayesikia atajiuliza mbona basi umesimama hapa mbele yangu.

Sema hivi:

"My phone was stolen." Simu yangu iliibwa.
"Someone stole my phone." Mtu aliniibia simu.
"Someone stole my phone from my bag." Mtu aliniibia simu kutoka mkobani.

Na "pilfer" hufuata njia hiyo hiyo. Husemi "They pilfered me." Unasema "They pilfered charcoal from me," yaani walinidokolea makaa.

5. NDUGU ZA NENO HILI

Kama vile Kiswahili kina kudokoa, kuiba, kunyang'anya na kupora, Kiingereza nacho kina ukoo mzima. Kila mmoja ana kazi yake.

"Steal" ni kuiba kwa jumla, kitu kikubwa au kidogo. Ukiwa na shaka, tumia hili. Halikosei.

"Rob" ni kunyang'anya, kwa nguvu au kwa vitisho. Hapa tunamtaja mtu au mahali: "They robbed the shopkeeper." Ukitaka kutaja kitu tumia "of": "They robbed him of his money."

"Burgle" ni kuvunja nyumba au duka na kuingia kuiba.

"Pick a pocket" ni kuchomoa kitu mfukoni mwa mtu, kazi ya mchopozi pale sokoni au kwenye stendi.

"Embezzle" ni kuiba mali uliyokabidhiwa uitunze. Mwekahazina, meneja au karani ndiye anayeweza kufanya hivi, kwa sababu pesa ziko mikononi mwake.

Sasa tuone mahali ambapo "pilfer" halifai:

"Thieves pilfered six cows last night." Si sawa. Ng'ombe sita ni mali ya mtu ya maisha yake yote. Andika "stole six cows".

"Men with pangas pilfered the shop." Si sawa. Kuna silaha, kuna vitisho. Andika "robbed the shop".

"The treasurer pilfered eighty thousand shillings." Si sawa. Shilingi 80,000 za kikundi si sukari ya jikoni. Andika "embezzled" au "stole".

Hapo kwa mwekahazina tuangalie na Kiswahili chetu. Tumezoea kusema "amekula pesa". Kula ni jambo zuri, kila mtu anakula. Neno hilo linafanya wizi uonekane kama njaa tu. Wengine husema "alikopa kidogo" hali hakuna aliyemkopesha. Mtoto akichukua embe la jirani tunapiga kelele "mwizi!", lakini mtu mzima akichukua akiba ya akina mama thelathini tunasema "amekula". Je, hapo tumepima kwa mizani moja?

6. MAHALI UTAKAPOLIONA NENO HILI

Huenda ukafikiri neno hili ni la vitabuni tu. Lakini kazi yake iko nyumbani mwako. Chukua chupa ya maji au ya soda ya plastiki ambayo haijafunguliwa. Chini ya kifuniko kuna pete nyembamba iliyoshikamana nacho. Ukizungusha kifuniko mara ya kwanza, unasikia sauti ya kukatika, na pete inabaki shingoni mwa chupa. Vifuniko vya bati vya chupa za pombe kali na za dawa za maji huwa na pete kama hiyo, na watengenezaji huviita "pilfer-proof", yaani visivyoruhusu udokozi. Si kwamba mtu hawezi kufungua. Anaweza, lakini akifungua itajulikana. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Neno hili pia ni la bandarini. Zamani mizigo ya meli ilipakiwa na kupakuliwa gunia kwa gunia, sanduku kwa sanduku, kwa mikono. Katika bandari nyingi za dunia masanduku yalifika yamepungua: chupa moja hapa, jozi ya viatu pale. Mwaka 1956 meli iitwayo Ideal-X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58, na huo unahesabiwa kuwa mwanzo wa biashara ya makontena ya leo. Watu waliyapenda kwa sababu ya haraka, lakini pia kwa sababu kontena likifungwa na kutiwa sili kule lilikopakiwa, mkono wa mdokozi haupiti kwa urahisi. Leo mizigo mingi inayoingia Mombasa huja kwa njia hiyo. Na ukisoma karatasi za bima ya mizigo, bado utaona maneno "theft, pilferage and non-delivery": wizi, udokozi na kutofika kwa mzigo. Watu wa bima wametenganisha wizi na udokozi, kwa maana sanduku zima kupotea si sawa na sanduku kufika likiwa nusu.

7. SHERIA INASEMAJE?

Hapa tuwe waangalifu. "Pilfer" ni neno la mazungumzo na la biashara. Halimpunguzii mtu kosa mbele ya sheria. Kifungu cha 268 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinaeleza kuiba ni nini: kuchukua kwa ulaghai, bila kuwa na haki nacho, kitu kinachoweza kuibwa. Hakisemi kiwe kikubwa. Yai ni kitu, na gunia ni kitu.

Lakini sheria hiyo hiyo inapima adhabu kulingana na kosa. Adhabu hizi ni za juu kabisa. Hakimu anaweza kutoa chini yake:

Wizi wa kawaida, kifungu cha 275: hadi miaka 3 jela.
Mfanyakazi kumwibia mwajiri wake, kifungu cha 281: hadi miaka 7.
Wizi wa mifugo, kifungu cha 278: hadi miaka 14.

Unyang'anyi wa kutumia silaha, au wa watu zaidi ya mmoja, au wa kumjeruhi mtu uko kifungu cha 296, na adhabu iliyoandikwa hapo ni kifo. Umeona sasa kwa nini karani asiandike "robbed" ovyo ovyo?

Kwa makosa madogo kuna pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998. Hakimu akiona kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3, anaweza kumwamuru mkosaji afanye kazi ya jamii bila malipo badala ya kumpeleka jela. Afagie zahanati, apande miti, atengeneze barabara. Kwa udokozi, mara nyingi hiyo ni njia ya busara kuliko kumtuma kijana akakae na majambazi.

Na wewe mwekahazina, kuna kipande cha kifungu cha 268 ambacho ni chako. Sheria inasema kuhusu pesa kwamba mtu akizichukua kwa ulaghai kwa nia ya kuzitumia apendavyo, huo ni wizi, hata kama alikusudia kuzirudisha baadaye. Yaani yale maneno "ningerudisha mwisho wa mwezi" hayatoshi kukuokoa. Kama unahitaji pesa, omba mkopo kikaoni, uandikwe, wote wajue.

8. NENO "MWIZI!" LINAPOUA

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Katika nchi yetu watu wamepigwa na kuchomwa moto kwa sababu ya kuku, simu au mahindi ya kuchoma. Mambo huanza na neno moja. Mtu anapaza sauti "Mwizi!" na wanaokuja mbio hawaulizi ni mwizi wa nini. Hawajui kama ni jambazi mwenye bunduki au ni mtoto aliyedokoa mandazi. Neno ni moja kwa wote wawili, na mawe ni yale yale.

Sheria haina shaka hapa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 26, inasema kila mtu ana haki ya kuishi. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anayemuua mdokozi ni muuaji, hata kama walikuwa watu mia na yeye alirusha jiwe moja. Na kuhusu watoto, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Mtoto kama huyo anahitaji mzazi, mwalimu na afisa wa watoto. Hahitaji tairi shingoni.

Sisi Ukuria tuna historia yetu. Iritongo, mkutano wa wananchi wa kuamua mambo yao, ni jambo la kale. Mwaka 1998 mikutano hiyo iliamshwa upya pamoja na sungusungu, kwa kuiga wenzetu wa ng'ambo ya mpaka Tanzania, ili kupambana na wizi wa mifugo. Ng'ombe walikuwa wakichukuliwa kwa bunduki, na watu walikuwa wamechoka. Hatuwezi kuwalaumu waliotaka usalama. Lakini chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya wezi wa ng'ombe wenye silaha hakifai kumwangukia mtoto aliyekata ndizi moja shambani. Wazee wana nafasi yao ya kusikiliza, kupatanisha na kuhakikisha kitu kimerudishwa. Hawana ruhusa ya kumtesa mtu wala kumwua.

Kwa hiyo, ukimkuta mtu amechukua kitu, taja kosa lenyewe. Sema "Huyu kijana amechukua mayai mawili." Ukisema hivyo, wanaofika watauliza mayai yako wapi. Ukisema "Mwizi!" watauliza mawe yako wapi.

9. UDOKOZI HAUNA UDOGO UKIHESABIWA

Mtu asije akasema somo hili linatetea wadokozi. La. Hebu tupige hesabu. Tuseme mtunza ghala anadokoa gorogoro moja kila wiki. Gorogoro ni karibu kilo 2. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo zimekwenda karibu kilo 104. Gunia letu ni kilo 90. Gunia zima limetoka na la pili limeguswa, na hakuna siku hata moja ambayo mtu alisema kuna wizi. Au kibanda kinapoteza shilingi 10 kila siku: kwa mwaka ni shilingi 3,650. Bandu bandu huisha gogo.

Dawa yake ni ule mfano wa kifuniko cha chupa: si lazima mtu asiweze kufungua, bali akifungua ijulikane. Kikundi kinaweza kufanya hivi:

(a) Ghala liwe na kufuli mbili, na funguo zishikwe na watu wawili wasio wa nyumba moja.

(b) Pawe na daftari la ghala. Kila kinachoingia na kutoka kiandikwe siku hiyo hiyo, na wawili watie sahihi.

(c) Hesabu ifanywe siku inayojulikana, kwa mfano kila Ijumaa, mbele ya wanachama.

(d) Magunia yashonwe kwa uzi wa rangi moja ya kikundi. Mshono ukibadilika, itaonekana.

(e) Pesa za wiki zihesabiwe kikaoni na kupelekwa benki au kwa simu ya kikundi. Zisilale nyumbani kwa mtu.

(f) Mlinzi na mtunza ghala walipwe kwa wakati. Mtu aliyekaa miezi mitatu bila malipo, tumemweka karibu na majaribu.

Mambo haya yanamlinda pia mwaminifu. Mtunza ghala mwenye daftari safi hawezi kusingiziwa.

10. MFANO WA KUANDIKA

Hapa kuna mfano mfupi ambao karani anaweza kuufuata mahindi yakipungua:

"The storekeeper reported that about twenty kilograms of maize are missing. The door and the padlock were not broken. The committee thinks that the maize was pilfered little by little. No member was accused. It was agreed that two members will count the stock every Friday."

Maana yake: mtunza ghala aliripoti kwamba karibu kilo ishirini za mahindi hazipo. Mlango na kufuli havikuvunjwa. Kamati inafikiri mahindi yalidokolewa kidogo kidogo. Hakuna mwanachama aliyeshutumiwa. Ilikubaliwa kwamba wanachama wawili watahesabu mali kila Ijumaa.

Angalia uzuri wa maandishi haya. Yanataja kiasi. Yanasema kufuli haikuvunjwa, basi msomaji anajua si uvamizi. Yanasema "thinks", yaani inafikiri, kwa sababu bado hakuna ushahidi. Hayamtaji mtu. Na yanamalizia kwa hatua ya kuchukua. Mfadhili akisoma atakuwa na imani na kikundi hicho kuliko kile kinachoandika kila mwaka kwamba mambo yote ni shwari.

ZOEZI

Jaza nafasi kwa neno moja kati ya haya: pilfered, robbed, stole, embezzled, pilferage.

1. Two men with a gun ______ the trader on the road.
2. The children ______ a few groundnuts from the basket.
3. The chairman ______ the money for the water project.
4. Last night somebody ______ our bull.
5. The shop closes at six to reduce ______.

Majibu: 1. robbed. 2. pilfered. 3. embezzled. 4. stole. 5. pilferage.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kwa lugha yetu ya nyumbani tuna neno gani la kudokoa? Je, lina uzito sawa na neno la kuiba ng'ombe?

2. Ni mara gani ya mwisho tulipohesabu mali ya kikundi mbele ya wote? Kama hatukumbuki, tutaanza lini?

3. Mwanachama akichukua pesa bila ruhusa, sisi humwitaje? Je, mtoto aliyechukua embe tunamwita jina hilo hilo?

4. Siku ukisikia sokoni mtu akipiga kelele "Mwizi!", utafanya nini kabla ya kuokota jiwe? Nani hapa karibu unaweza kumwita: chifu, polisi, mzee wa kijiji? Andikeni nambari zao za simu ukutani leo.

Mwalimu wa somo hili kikundini si lazima awe amesoma sana. Mmoja asome sentensi za Kiingereza kwa sauti, wengine warudie, kisha kila mtu atunge moja ya kwake kuhusu ghala, jiko au duka lake. Mkifika kwa maswali, wapeni nafasi na wale wasioongea sana, hasa vijana, kwani wao ndio wanaopigwa kwanza watu wakikasirika.